Maswali Yenu: Ukaazi wa Kudumu Kanada, Karatasi kwa Karatasi

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Siaya na Homa Bay, na karibu zote zinauliza kuhusu Kanada. Zinazofanana tumeziunganisha. Kabla ya majibu, tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wenu mmeyachanganya. Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wanaoomba ukaazi wa kudumu ulioanza Januari 2015, una hesabu mbili za pointi. Ya kwanza ni 67 kati ya 100. Hiyo ndiyo inayokuruhusu kuingia kwenye orodha kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao ndio Mkenya anayeomba akiwa nyumbani hutumia mara nyingi. Ya pili ni CRS, inayofika 1,200. Hiyo hukupanga na wenzako, na walio juu ndio huitwa. Kufikisha 67 si kuitwa. Na ukiitwa una siku 60 tu za kupeleka ombi kamili. Hapo ndipo tunapoona watu wakianguka, na kinachowaangusha ni karatasi, wala si pointi.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, sijaolewa, na nimefanya kazi miaka 4. IELTS yangu ni 7.5 kusikiliza, 7.0 kusoma, 6.5 kuandika na 7.0 kuongea. Nilianza na diploma ya KMTC, kisha nikasomea digrii. CRS yangu ni 376, ilhali mwenzangu tuliyesoma naye ana zaidi ya 460. Tofauti inatoka wapi? – Muuguzi, Kisumu

Dada, inatoka sehemu mbili, na zote unaweza kuzirekebisha.

Kwanza Kiingereza. Kanada haitumii alama za IELTS zilivyo. Huzigeuza kuwa viwango vya CLB. Kiwango kinachobeba mzigo mkubwa ni CLB 9, ambacho ni 8.0 kusikiliza na 7.0 katika kila moja ya yale mengine matatu. Wewe umekifikia katika kusoma na kuongea. Katika kusikiliza na kuandika uko CLB 8. Kwa asiye na mwenzi, CLB 8 ina pointi 23 kwa kila stadi na CLB 9 ina 31, kwa hiyo utadhani unakosa 16 pekee. Lakini kuna sehemu ya CRS inayounganisha lugha na elimu, kisha lugha na uzoefu wa kazi, na sehemu hiyo hutoa pointi kamili iwapo stadi zote nne zimefika CLB 9. Moja ikibaki nyuma, digrii yako inaongezewa 13 badala ya 25, na uzoefu wako wa zaidi ya miaka 3 unaongezewa 25 badala ya 50.

Ukirudia mtihani ukapata 8.0 kusikiliza lakini kuandika kukabaki 6.5, utafika 384. Kuandika nako kukipanda hadi 7.0, utafika 429. Hiyo nusu alama ya kuandika peke yake imekupa pointi 45, na hatujui mahali pengine popote kwenye fomu hii ambapo kazi ndogo hivyo inalipa hivyo. Wauguzi wengi huangushwa na kuandika kwa sababu wanafanya mazoezi ya insha wakasahau barua, na General Training, mojawapo ya aina mbili za IELTS, ina barua katika zoezi la kwanza. Hakikisha pia ni General Training uliyofanya. Academic haikubaliki kwa ombi hili.

Pili, diploma. Tunakisia ulipeleka digrii peke yake kutathminiwa, kwa sababu 376 yako inalingana na cheti kimoja. Peleka na diploma. Vikitambuliwa kama vyeti viwili tofauti, na kimoja kikiwa cha miaka 3 au zaidi, elimu hupanda kutoka 120 hadi 128, na ile nyongeza ya elimu na lugha hupanda kutoka 25 hadi 50. Ukiwa na CLB 9 kila mahali, jumla ni 462. Huenda hiyo ndiyo siri ya mwenzako. Ukifika CLB 10, yaani 8.5 kusikiliza, 8.0 kusoma, 7.5 kuandika na 7.5 kuongea, ni 474.

Je, zinatosha? Mwaka 2025 miito ya wahudumu wa afya ilikata kwa 510 mwezi Mei, yaani aliyekuwa chini ya hapo hakuitwa, ikashuka hadi 470 mwezi Agosti. Uko mlangoni. Kumbuka tu kwamba ukaazi haukupi leseni ya uuguzi. Hiyo ni safari nyingine, mara nyingi kupitia NNAS, shirika linalokagua vyeti vya wauguzi waliosoma nje ya Kanada, na mtihani wa NCLEX-RN, na Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo litakalothibitisha usajili wako moja kwa moja kwao. Ianze sasa, maana haihitaji kusubiri ukaazi.

Nilimaliza Egerton miaka kadhaa iliyopita. Nilichukua transkripti zangu mwenyewe, nikazipiga picha na kuzituma WES, shirika linalotathmini vyeti kwa ajili ya Kanada. Zimekataliwa. – Njoro, Nakuru

Zitakataliwa hata ukituma mara kumi. Karatasi iliyopita mikononi mwako haina thamani kwao. Lazima itoke chuoni hadi kwao. Fungua akaunti kwanza, ulipe, upewe nambari ya rejea, kisha uende na nambari hiyo ofisi ya msajili wa masomo. Wao watume matokeo ya miaka yote wakitaja nambari yako, ama kwa njia ya kielektroniki, ama kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mkunjo.

Yanayokwamisha huwa ni madogo: salio la karo, kitabu cha maktaba, mwaka mmoja ambao alama zake hazijaingizwa. Maliza fomu ya kuondolewa madeni chuoni kabla ya kulipa WES. Kwa waliosoma politekniki na kufanya mtihani wa KNEC, uthibitisho wa matokeo utoke KNEC, na huombwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Ripoti ya tathmini hudumu miaka 5.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 41, digrii ya ualimu na uzoefu wa miaka 15. Mke wangu ana diploma. Nimeambiwa nimechelewa. Kweli? – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, hebu tuhesabu pamoja. Katika zile 67, digrii ina 21, uzoefu wa miaka 6 na zaidi una 15, na umri wa miaka 41 una 6. Kiingereza cha CLB 9 kina 24. Jumla ni 66. Umekosa pointi moja, na mfumo hautakuruhusu kuingia.

Mwokozi wako ni mkeo. Akifanya IELTS akapata CLB 4 tu, yaani 4.5 kusikiliza, 3.5 kusoma, 4.0 kuandika na 4.0 kuongea, unaongezewa 5 na kufika 71. Ni alama ambazo mtu mwenye diploma ya Kenya hupata bila jasho, lakini waume wengi huona ada ya mtihani wa pili ni hasara.

Upande wa CRS hatutakuficha. Umri unakula. Kwa mtu mwenye mwenzi, miaka 41 ina pointi 35 tu. Ukijumlisha digrii, CLB 9, nyongeza za uzoefu na za mkeo, utakuwa karibu 350. Miito miwili ya walimu ya mwaka 2025 ilikata kwa 479 na 462. Kwa Kiingereza peke yake hutaitwa. Njia iliyobaki ni mbili: kuteuliwa na mkoa wa Kanada, jambo linaloongeza pointi 600, au Kifaransa. Kifaransa cha kiwango cha 7 katika stadi zote nne, pamoja na Kiingereza chako, kinaleta 50 za ziada na chache za lugha ya pili, na kinakuweka katika miito yao maalumu. Machi 2025 mwito mmoja wa Kifaransa ulishuka hadi 379, ingawa mingine mwaka huohuo ilipita 400. Kuanzia sifuri, kufika kiwango cha 7 si kazi ya muhula mmoja, na kila siku yako ya kuzaliwa inakupunguzia pointi.

Nimefanya kazi ya uhasibu katika shamba la maua Naivasha miaka 6. Ofisi ya wafanyakazi imenipa cheti cha utumishi na kusema kinatosha. Kinatosha? – Naivasha

Hakitoshi, na hawajakudanganya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kutoa cheti chenye majina, tarehe ya kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mahali pake. Haimlazimu kuandika majukumu wala mshahara. Kanada inataka hayo hasa.

Barua inayokubalika huandikwa kwenye karatasi rasmi ya kampuni yenye anwani, simu na barua pepe. Iwe na cheo chako, tarehe za kila cheo kama ulipandishwa, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu yako, kisha jina, cheo na sahihi ya msimamizi au afisa wa wafanyakazi. Saa ndizo husahaulika kuliko vyote. Bila kuandikwa saa kwa wiki, afisa hana namna ya kujua kama umefikisha 1,560, ambazo ni saa 30 kwa wiki kwa mwaka mmoja mfululizo.

Halafu kuna nambari ya kazi, yaani NOC. Wahasibu wengi huchagua 11100, ya wakaguzi na wahasibu, kwa sababu cheo kwenye kadi ya kazi ni hicho. Lakini kama kazi yako ya kila siku ilikuwa kuingiza stakabadhi, kulinganisha daftari na taarifa ya benki na kuandaa mishahara, afisa ataisoma kama 12200, ya mafundi uhasibu na watunza vitabu. Zote mbili zinakubaliwa kwenye mpango huu, kwa hiyo hakuna faida ya kujipandisha. Hasara ipo: ukichagua nambari isiyolingana na majukumu, ombi linakataliwa na ada ya uchakataji imekwenda. Na usinakili majukumu ya tovuti ya NOC neno kwa neno. Maafisa wanayajua kwa moyo. Mwombe mkuu wako aandike mlichokuwa mkifanya kweli: malipo ya wachumaji kila wiki mbili, ankara za wanunuzi wa maua, marejesho ya VAT.

Mwajiri akikataa kabisa, au akiwa amefunga, kusanya mkataba wa ajira, fomu za P9 za kila mwaka, taarifa ya michango ya NSSF na hati za mshahara. Ongeza barua ya msimamizi wa zamani akieleza majukumu yako, na barua yako ya maelezo ikionyesha ulivyojaribu kuipata ile rasmi. Barua pepe ulizomwandikia mwajiri zichapishwe. Ndizo ushahidi kwamba hukukaa tu.

Mimi ni fundi umeme wa kujitegemea, sina mwajiri. Wakili ameniandikia hati ya kiapo kwamba nimefanya kazi miaka 8. – Bungoma

Ndugu, hiyo hati iweke kando. Kanada imesema wazi kwamba kiapo na maelezo uliyojiandikia mwenyewe si uthibitisho wa kazi ya kujitegemea. Kazi yenyewe inahesabika. Tatizo ni nani mwingine anaithibitisha. Anza na leseni yako ya EPRA na cheti cha NITA, kibali cha biashara cha kaunti cha kila mwaka, na marejesho ya KRA. Kisha wateja: shule uliyoiwekea nyaya, duka la jumla, mkandarasi anayekuita kila mara. Kila mmoja aandike barua yenye tarehe, kazi uliyofanya na kiasi alicholipa, na kiasi hicho kionekane kwenye taarifa ya M-Pesa au ya benki. Barua inayosema ulilipwa Sh80,000 mwezi ambao taarifa yako haina hata Sh10,000 itakuumiza kuliko kukosa barua.

Kama umekuwa ukilipwa taslimu na hujawahi kuwasilisha marejesho, huna ombi la kupeleka mwaka huu. Jipe miezi 12 ya kupokea malipo kwa njia inayoacha alama, uwasilishe marejesho, ndipo urudi kwenye fomu.

Nina Sh900,000 benki, akiba ya Sacco Sh1.2 milioni na ploti yenye hati miliki. Tuko wanne. Pesa zinatosha? – Section 58, Nakuru

Kwenye karatasi za Kanada, una Sh900,000. Kiwango kilichowekwa Julai 2025 ni dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, 19,001 kwa wawili, 23,360 kwa watatu na 28,362 kwa wanne. Kwa takriban Sh93 kwa dola, wanne wanahitaji karibu Sh2.64 milioni. Mke na watoto wanahesabiwa hata kama wanabaki Nakuru. Kuandika kwamba unaenda peke yako hakupunguzi kiasi.

Ploti haihesabiki hata ikiwa na thamani ya milioni 5. Ukiiuza, pesa zake zinahesabika, mradi uambatishe mkataba wa mauzo na ushahidi kwamba aliyenunua ndiye aliyeweka fedha kwenye akaunti. Akiba ya Sacco ya upande wa BOSA, yaani amana za uanachama, ni shida nyingine: huwezi kuitoa bila kujiondoa uanachama, na mara nyingi imesimama kama dhamana ya mkopo wako au wa mwenzako uliyemdhamini. Fedha zinazotakiwa ni zile unazoweza kuzitumia leo. Jiondoe mapema, ulipwe, ziingie benki, zikae.

Zikae kwa muda gani? Barua ya benki inapaswa kutaja wastani wa salio la miezi 6. Ndiyo maana kukopa na kuweka wiki moja kabla ya ombi hakufai: wastani unakuwa mdogo, na barua hiyohiyo inatakiwa kuorodhesha madeni yako yote. Matawi mengi huku kwetu yana barua fupi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mteja. Usiipokee. Nenda na orodha umkabidhi meneja: nambari ya kila akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la leo, wastani wa miezi 6, mikopo na kadi za mkopo, jina lako, na anwani, simu na barua pepe ya benki.

Kabla ya kuoa nilizaa na mwanamke mwingine. Mama wa mtoto hataki aende Kanada. Naweza kumwacha nje ya fomu? – Siaya. Na mwingine: Ninamlea binti wa marehemu dada yangu tangu akiwa na miaka 3. Nitamwandika kama wangu? – Kisumu

Kwa wa Siaya: usimwache. Kila mtoto wako aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa ataandikwa, awe anaenda au haendi. Anayebaki huandikwa hivyo, kwamba haandamani nawe, lakini naye hupimwa afya. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa anapoteza haki ya kudhaminiwa nawe baadaye kama mwanafamilia. Mamake anaweza kubadilisha msimamo mtoto akifika kidato cha tatu, fomu haibadiliki. Kuficha pia ni kutoa taarifa za uongo, na adhabu yake ni kupigwa marufuku miaka 5. Mama akikataa hata vipimo, weka kwa maandishi juhudi zako zote na ueleze, usifute jina. Akikubali aende, atatia sahihi fomu IMM 5604.

Kwa wa Kisumu: kulea si kuasili. Barua ya chifu, hati ya ulezi, hata kama anakuita baba, haimfanyi kuwa mtoto wako mbele ya Kanada. Inayomfanya ni amri ya mahakama ya kuasili chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na inachukua muda, kwa hiyo ianze kabla ya kuingia kwenye orodha. Kama baba yake pia amefariki, ipo njia ya pili: ukishakuwa mkazi wa kudumu unaweza kumdhamini mpwa yatima, mradi awe chini ya miaka 18 na hajaolewa. Kwa njia hiyo vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili ni lazima. Tunajua vijijini vifo vingi havikuandikishwa. Anza na usajili wa kuchelewa kwa msajili wa kaunti ndogo.

Nina wake wawili kwa ndoa za kimila. Naruhusiwa kwenda nao? – Bungoma

Hapana. Kanada haitambui ndoa ya wake wengi. Watoto wa nyumba zote mbili ni wako na wote wataandikwa. Kuhusu wake, tafuta wakili wa uhamiaji wa Kanada kabla hujajaza chochote, kwa sababu utakachoandika kwenye wasifu kitakufuata.

Cheti cha KCSE kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na pasipoti ina jina la mume. – Busia

Mpangilio tofauti wa majina si tatizo. Jina lisiloonekana popote ndilo tatizo. Jaza kila fomu kwa jina la pasipoti, kisha uandike yote mengine katika sehemu ya majina uliyowahi kutumia. Ambatisha cheti cha ndoa na hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Hapo kiapo kinafaa. Kama uliacha jina moja kabisa, kiapo hakitoshi: fanya hati ya kubadilisha jina, isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Rekebisha kitambulisho kilingane na pasipoti kabla ya kuomba cheti cha tabia njema, la sivyo kitatoka kwa jina la zamani.

Ninaishi na VVU na natumia dawa miaka 7. Nijisumbue? – Homa Bay

Jisumbue. Kipimo ni cha lazima kwa kila mwenye miaka 15 na zaidi, lakini kuwa na virusi si sababu ya kukataliwa papo hapo. Kinachoangaliwa ni kama matibabu yatagharimu kupita kizingiti kilichowekwa, na kizingiti hicho kiliongezwa mara 3 mwaka 2018. Mwaka 2024 kilikuwa dola za Kanada 26,220 kwa mwaka. Beba matokeo ya kiasi cha virusi ya miaka ya karibuni na majina ya dawa zako kutoka kliniki. Gharama ikitiliwa shaka, utaandikiwa barua na kupewa nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi. Usidanganye daktari.

Kwa wote: tangu 21 Agosti 2025, waombaji wa Express Entry hupimwa kabla ya kuwasilisha ombi, si baada. Ni lazima awe daktari aliyeidhinishwa na Kanada, na kwa watu wa huku hiyo ni safari ya Nairobi. Iweke ndani ya zile siku 60. Aliyewahi kuugua kifua kikuu aende na rekodi za matibabu, maana eksirei itaonyesha kovu na ombi litasimama hadi zipatikane.

Ajenti mjini anataka Sh350,000. Anasema ana nafasi zilizotengwa za ukaazi. – Kondele, Kisumu

Hakuna nafasi zinazotengwa kwa ajenti. Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure. Unailipa serikali ya Kanada yenyewe, na viwango vilivyoanza 30 Aprili 2024 vilikuwa dola za Kanada 950 za uchakataji na 575 za haki ya ukaazi kwa kila mtu mzima, 260 kwa mtoto, na alama za vidole 85 kwa mmoja au 170 kwa familia. Kwa viwango hivyo, mume, mke na watoto wawili walilipa dola 3,740. Ada hizi hupitiwa kila miaka 2, kwa hiyo soma za siku unayolipa.

Wanaoruhusiwa kukutoza kwa ushauri au uwakilishi ni wanasheria walio katika chama cha mawakili cha Kanada, manotari wa mkoa wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chombo kinachosimamia taaluma yao, ambao kila mmoja ana nambari inayoonekana kwenye rejista ya wazi mtandaoni. Muulize nambari. Akikuonyesha leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, hiyo ni ya kupeleka watu kazini, si ya ukaazi. Wazazi wa Uasin Gishu walioandamana mwaka 2023 kuhusu ada za masomo ya Finland na Kanada walikuwa wamelipia mpango uliobeba jina la kaunti yao, kwa hiyo muhuri peke yake usikutulize. Na hata ukimpata mshauri wa kweli, nywila ya akaunti ibaki kwako. Akiweka barua ya kazi ya kughushi, marufuku ya miaka 5 ni yako.

Nilikaa Uganda miaka 2, kisha Ghuba miezi 8. Cheti cha tabia njema cha Kenya kinatosha? – Malaba

Hapana. Unahitaji cha kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipofikisha miaka 18. Cha Kenya huombwa kwenye eCitizen kwa Sh1,000 na ada ndogo ya mfumo. Chapisha fomu ya C24 uende nayo kuchukuliwa alama za vidole; Huduma Centre ya Kisumu au Kakamega inakuokolea nauli ya Nairobi. Kwa nchi unayoishi sasa, kisiwe na zaidi ya miezi 6 siku unayowasilisha. Cha Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol Kampala. Vya Ghuba ndivyo huchelewa, kwa hiyo viombe kabla hujaitwa. Siku 60 zikikaribia kwisha bila cheti, pakia risiti ya maombi na barua ya maelezo mahali pake. Usiache nafasi tupu, kwa sababu ombi lenye nafasi tupu hurudishwa kama halijakamilika.

IELTS yangu itatimiza miaka 2 mwezi ujao na nimeitwa jana. – Milimani, Nakuru

Wasilisha kabla haijaisha, hata kama ni wiki tatu tu zimebaki. Lazima iwe hai siku ya kuwasilisha. Kama vipimo vya afya havitakuwa tayari kufikia siku hiyo, au huna cheti cha polisi wala risiti ya kukiomba, kataa mwaliko kwenye mfumo ili wasifu wako urudi kwenye orodha, kisha ufanye mtihani upya. Ukinyamaza hadi siku 60 zipite, wasifu unafutwa na unaanza tena.